Sayyid Barghash, sultani aliyelipamba jumba lake kwa taa na kuiacha Dar gizani

Ukipita Tandika au Mwananyamala siku za kuelekea Krismasi, au usiku wa kuamkia Idi, utaziona tu: taa ndogo za rangi zimezungushwa getini, madirishani, mpaka kwenye mwarobaini wa uani. Zinatoka Kariakoo, na zinakula Luku kweli kweli. Lakini mgeni akikata kona haulizi nyumba yenye shughuli ni ipi.

Kuna mtu aliyeujua mchezo huu mapema sana pwani yetu, ila yeye aliufanya kwa kiwango cha ikulu. Ni Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888.

Njia yake ya kwenda kitini haikuwa nyepesi. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake, Sultani Majid. Nyumba yake ilizingirwa, naye akatoroka usiku akiwa amevaa nguo za kike, kwa msaada wa dada zake, akiwemo Salme. Jaribio likashindwa na akapelekwa uhamishoni Bombay, India, kwa takriban miaka miwili.

Majid naye ndiye aliyeanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Alipofariki 1870, Barghash akashika madaraka na mradi wa kaka yake akaupa kisogo. Majengo yakabaki nusu nusu. Kwa hiyo fedha na mapambo vyote vikaenda Unguja, wakati Dar ikiendelea kulala na vibatari vyake.

Mwaka 1873 Waingereza walimbana akakubali kufunga soko la watumwa. Miaka miwili baadaye alikwenda kutembea London, jiji ambalo usiku wake wakati ule uliwaka taa za gesi. Nyumbani alileta maji ya bomba mjini, akanunua meli za mvuke, na mwaka 1883 akakamilisha Beit al-Ajaib, jumba la maajabu.

Halikuwa jumba la kulala. Lilikuwa la kupokea wageni na kufanyia sherehe: nguzo za chuma, baraza pana kila ghorofa, sakafu ya marumaru, milango ya kuchonga. Linatajwa kuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme. Mbele yake, upande wa bahari, ulisimama mnara uliopangwa safu kwa safu za taa. Wazungu wa mjini waliubatiza jina la mti wa Krismasi wa Sultani. Mwenyewe alikuwa Muislamu wa madhehebu ya Ibadhi, lakini jina ndilo hilo lililobaki.

Na hapo ndipo penye utamu na uchungu wa habari yake. Zile taa zilikuwa zinamwambia nahodha aliyeko baharini kwamba hapa pana mwenye nyumba, na mwenyewe yuko vizuri. Wageni waliona, wakaja, wakapokewa. Agosti 1885 walifika wengine ambao hawakualikwa: manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya jumba lile lile, mizinga ikiwa imeelekezwa kwake, akatakiwa aache kupinga madai yao ya bara. Aliwategemea Waingereza, marafiki zake wa miaka mingi. Hawakumtetea. Mwaka 1886 wakubwa hao wawili wakakubaliana kumwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 tu kuingia ndani.

Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Alifariki Machi 1888 na kuzikwa Mji Mkongwe. Wajerumani wakaichukua ile Dar aliyoitelekeza, na kufika 1891 ikawa makao makuu yao.

Ule mnara wa taa uliharibiwa Agosti 27, 1896, Waingereza walipoipiga ikulu mizinga kwa muda usiofika hata saa moja. Jumba likanusurika, na baadaye likaongezewa mnara wa saa kwa mbele.

Desemba 25, 2020, siku ya Krismasi, likiwa kwenye ukarabati, sehemu kubwa ya upande huo wa mbele pamoja na mnara wake iliporomoka. Watu wawili walifariki.