Ernie Davis: Bingwa aliyekabidhiwa tuzo, akaonyeshwa mlango

ERNIE DAVIS alifariki dunia Mei 18, 1963 katika hospitali moja mjini Cleveland, jimbo la Ohio, nchini Marekani, akiwa na umri wa miaka 23. Alikuwa amesajiliwa na Cleveland Browns, moja ya klabu kubwa za futiboli ya Kimarekani, lakini hakuwahi kuichezea hata dakika moja. Pamoja na hayo, klabu hiyo iliamua kwamba jezi namba 45 aliyokusudiwa kuivaa isivaliwe tena na mchezaji mwingine yeyote.

Heshima ya namna hiyo hutolewa kwa nadra, na kwa kawaida hupewa mtu aliyeitumikia klabu kwa miaka mingi. Davis aliipata kwa sababu ya yale aliyoyafanya kabla ya kufika Cleveland, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Syracuse katika jimbo la New York, na hasa katika msimu wa mwaka 1959, ambao chuo hicho hakijapata mwingine wa kufanana nao.

Davis alizaliwa Desemba 14, 1939 katika mji mdogo wa New Salem, jimbo la Pennsylvania. Baba yake alikufa kwa ajali, na mtoto hakupata kumfahamu. Alipofikisha umri wa miezi 14, mama yake, Marie, aliyekuwa bado msichana mdogo, alimpeleka kwa babu na bibi yake, Willie na Elizabeth Davis, waliokuwa wakiishi Uniontown katika jimbo hilo hilo. Babu yake alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe, kazi ambayo wakati huo ndiyo iliyozilisha familia nyingi za eneo hilo.

Utotoni Davis alikuwa na kigugumizi, hali iliyomfanya awe mtu wa maneno machache. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alihamia Elmira, mji wa kusini mwa jimbo la New York, kuishi na mama yake ambaye alikuwa ameolewa tena. Huko, katika shule ya sekondari ya Elmira Free Academy, kipaji chake kilionekana mapema katika futiboli, mpira wa kikapu na besiboli. Timu ya mpira wa kikapu ya shule hiyo ilishinda mechi 52 mfululizo katika kipindi chake, na wapo waliodhani kwamba mchezo huo ndio ungekuwa riziki yake.

Alichagua futiboli. Huu ni mchezo unaotumia mpira wenye umbo la yai, ambao mchezaji huubeba mkononi au kumrushia mwenzake, huku wapinzani wakijaribu kumkamata na kumwangusha. Anayefanikiwa kuufikisha nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani huipatia timu yake pointi sita. Kazi ya Davis ilikuwa kukimbia na mpira, na alikuwa na mambo mawili ambayo ni nadra kukutana kwa mtu mmoja: mwili mzito na miguu myepesi.

JEZI NAMBA 44

Vyuo vingi vilimtaka. Syracuse ilimpata kwa msaada wa Jim Brown, kijana mweusi aliyekuwa amemaliza masomo chuoni hapo mwaka 1957 na kuingia moja kwa moja katika klabu ya Cleveland Browns. Brown alikuwa anajua vyema ugumu wa kuwa mweusi katika chuo chenye weusi wachache. Aliingia Syracuse bila ufadhili wa masomo ambao wachezaji wenzake walikuwa wakipewa, na ilimlazimu kusubiri muda mrefu kabla ya kuaminiwa uwanjani.

Mwaka 1956, Brown akiwa katika kilele cha uwezo wake wa chuoni, tuzo ya Heisman, ambayo hutolewa kila mwaka kwa mchezaji bora wa futiboli wa vyuo vyote vya Marekani, ilikwenda kwa Paul Hornung wa Notre Dame, timu iliyokuwa imeshinda mechi mbili na kupoteza nane. Brown aliambulia nafasi ya tano. Tangu tuzo hiyo ianze kutolewa mwaka 1935, hakuna mchezaji mweusi aliyekuwa ameipata.

Pamoja na machungu hayo, Brown alimshauri Davis aende Syracuse. Davis alijiunga na chuo hicho mwaka 1958 na kukabidhiwa jezi namba 44, ile ile aliyokuwa akiivaa Brown. Kwa kanuni za wakati huo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa ya chuo, hivyo Davis alisubiri hadi mwaka 1959.

Kocha wa Syracuse alikuwa Ben Schwartzwalder, askari wa zamani wa miavuli aliyeruka katika uvamizi wa Normandy, Ufaransa, Juni 1944. Mbinu zake hazikuwa na madoido. Alitegemea mstari wa mbele wenye wachezaji wakubwa na wenye nguvu, waliokuwa wakiwasukuma wapinzani na kuacha upenyo, kisha mkimbiaji akapita.

MSIMU WA 1959

Msimu ulianza kwa ushindi wa pointi 35 kwa 21 dhidi ya Kansas. Ukafuata wa 29-0 dhidi ya Maryland, 32-6 dhidi ya Navy, 42-6 dhidi ya Holy Cross, 44-0 dhidi ya West Virginia na 35-0 dhidi ya Pittsburgh. Kufikia hapo ilikwishakuwa dhahiri kwamba Syracuse ilikuwa timu ya aina yake, yenye uwezo wa kushambulia na kuzuia kwa kiwango kile kile.

Mechi pekee iliyonusurika kuharibu mambo ilikuwa ya Novemba 7, ugenini dhidi ya Penn State. Wenyeji waliufikisha mpira nyuma ya mstari mara tatu na kupata pointi 18. Kila baada ya kufunga, timu hupewa nafasi ya kuongeza pointi moja au mbili, lakini Penn State ilizipoteza nafasi zote tatu. Syracuse iliponyoka kwa 20-18.

Baada ya hapo hapakuwa na wa kuizuia. Colgate walifungwa 71-0, Boston University 46-0, na Desemba 5, mjini Los Angeles, UCLA walilala kwa 36-8. Syracuse ilikuwa imeshinda mechi zote 10, tano kati ya hizo bila kuruhusu hata pointi moja. Davis, akiwa ndiyo kwanza anacheza msimu wake wa kwanza, aliongoza timu kwa kukimbia na mpira umbali wa yadi 686, wastani wa yadi saba kila alipoushika.

Wakati huo bingwa wa taifa alipatikana kwa kura za waandishi wa habari na makocha, zilizopigwa kabla ya mechi za Mwaka Mpya. Syracuse ikatangazwa bingwa. Ilikuwa imebaki mechi moja ya heshima, ya kombe la Cotton Bowl, mjini Dallas, jimbo la Texas, dhidi ya Chuo Kikuu cha Texas.

USIKU WA DALLAS

Dallas ya wakati huo ilikuwa mji wa ubaguzi. Sheria na desturi za majimbo ya kusini ziliwatenga weusi na weupe katika shule, hoteli, migahawa na vyombo vya usafiri. Timu ya Texas ilikuwa ya weupe watupu. Syracuse ilikwenda na wachezaji watatu weusi: Davis, John Brown aliyecheza mstari wa mbele, na Art Baker aliyekuwa mkimbiaji mwenzake Davis.

Davis aliingia uwanjani Januari 1, 1960 akiwa na maumivu ya msuli wa paja. Mechi ikiwa ndiyo kwanza imeanza, mwenzake Ger Schwedes alimrushia mpira, naye akaudaka na kukimbia hadi nyuma ya mstari. Shambulizi hilo lilikuwa la yadi 87, sawa na karibu mita 80. Davis alifunga tena, na alipokuwa akizuia aliunasa mpira uliorushwa na wapinzani.

Mchezo uligeuka wa vurugu. Kabla ya mapumziko wachezaji walishikana mashati, na wale wa Syracuse walilalamika kwamba wenzao weusi walikuwa wakitukanwa kwa rangi yao, madai ambayo upande wa Texas uliyakanusha. Mwisho wa yote Syracuse ilishinda 23-14, na Davis akatangazwa mchezaji bora wa mechi.

Usiku ule iliandaliwa hafla ya kukabidhi tuzo. Davis na wenzake wawili weusi walijulishwa kwamba angeruhusiwa kupokea tuzo yake, lakini baada ya hapo wao watatu watatakiwa kuondoka, kwa kuwa sherehe iliyobaki ilikuwa ya weupe. Mtu ambaye hafla ile isingekuwa na maana bila yeye hakutakiwa kubaki ndani yake. Davis alipokea tuzo, akatoka pamoja na Brown na Baker.

Hakupiga kelele wala kuvunja kitu. Lakini Marekani ilikuwa inabadilika. Mwezi mmoja kamili baadaye, Februari 1, 1960, wanafunzi wanne weusi waliketi katika kaunta ya mgahawa wa weupe mjini Greensboro, North Carolina, wakaagiza kahawa na kukataa kuondoka. Mgomo wao ulisambaa katika miji mingi ya kusini, ikawa moja ya hatua kubwa za mapambano dhidi ya ubaguzi. Chuo Kikuu cha Texas chenyewe kilichukua miaka 10 zaidi kabla ya mchezaji mweusi, Julius Whittier, kuonekana katika timu yake kubwa mwaka 1970.

TUZO YA HEISMAN

Davis aliichezea Syracuse misimu miwili zaidi. Alimaliza akiwa amekimbia jumla ya yadi 2,386 na kuvunja rekodi za Jim Brown. Mwaka 1961 alitangazwa mshindi wa Heisman, mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo iliyompita Brown miaka mitano kabla. Desemba 6, 1961, alipokuwa New York kwa shughuli ya tuzo hiyo, Rais John F. Kennedy, aliyekuwa mjini humo, aliomba kumwona, wakapeana mikono.

Milango iliendelea kufunguka. Klabu ya Washington, ya mwisho katika ligi kukataa kuwa na mchezaji mweusi, ilikuwa imebanwa na serikali ya Kennedy, kwa kuwa uwanja wake mpya ulikuwa katika ardhi ya serikali. Ikamchagua Davis wa kwanza kabisa katika uteuzi wa wachezaji wapya wa 1962. Hapakuwa na mweusi aliyewahi kuchaguliwa wa kwanza. Klabu hiyo ikambadilisha na Bobby Mitchell, mweusi mwingine, kutoka Cleveland Browns. Davis na Jim Brown sasa wangecheza pamoja.

Wahenga waliosema kwamba hujafa hujaumbika hawakukosea. Mwishoni mwa Julai 1962, akijiandaa kwa mechi ya wachezaji nyota wa vyuo mjini Chicago, Davis aliugua na kulazwa. Madaktari waligundua kuwa ana saratani ya damu. Mwenyewe hakuambiwa jina la ugonjwa wake hadi Oktoba, baada ya matibabu kumpa nafuu.

Nafuu hiyo ilizua mvutano. Mmiliki wa klabu, Art Modell, alitaka Davis apewe nafasi ya kucheza, lakini kocha Paul Brown alikataa kuubeba mzigo huo. Davis aliendelea kufanya mazoezi na kuhudhuria mechi za wenzake. Machi 1963, katika jarida la Saturday Evening Post, alieleza kwamba hakujiona kuwa mtu mwenye bahati mbaya.

Siku mbili kabla ya kufa alipita ofisini kwa Modell kumweleza kwamba anarudi hospitali. Mjini Elmira watu wapatao 10,000 walipita mbele ya jeneza lake, na Rais Kennedy akatuma salamu za rambirambi. Alizikwa katika makaburi ya Woodlawn mjini humo, alikozikwa pia mwandishi Mark Twain.

Safari aliyoianza haikwisha kwa kifo chake. Mwaka 1970 wachezaji weusi wa Syracuse waligomea mazoezi ya Schwartzwalder huyo huyo, wakidai kutendewa haki sawa na weupe, na chuo kiliwaomba radhi mwaka 2006, miaka 36 baadaye. Filamu ya maisha ya Davis, The Express, ilitoka mwaka 2008.

Mjini Elmira ipo shule yenye jina lake. Syracuse iliistaafisha jezi namba 44 mwaka 2005, na hata namba ya posta ya chuo hicho, 13244, ilichaguliwa iishie na tarakimu hizo. Ubingwa wa 1959 umebaki kuwa wa pekee wa taifa ambao timu ya futiboli ya chuo hicho imewahi kuutwaa.