Fannie Lou Hamer: Mchuma pamba aliyemkosesha Rais usingizi

KWA miaka 44 ya kwanza ya maisha yake, Fannie Lou Hamer hakujua kwamba Mmarekani mweusi ana haki ya kupiga kura. Alikuja kuelezwa hivyo Agosti 1962, katika mkutano uliofanyiwa kanisani mjini Ruleville, jimbo la Mississippi. Miaka miwili baadaye, mwanamke huyo wa mashamba ya pamba alikuwa akimkosesha usingizi Rais wa Marekani.

Hamer alizaliwa Oktoba 6, 1917, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto 20. Wazazi wake hawakuwa na ardhi. Walilima ya mzungu na kugawana naye mavuno, utaratibu uliohakikisha kwamba kila mwaka unakwisha wakiwa na deni. Alianza kuchuma pamba akiwa na umri wa miaka sita, na polio ilimwacha akichechemea. Wakati mmoja babake alifaulu kununua nyumbu wa kulimia, lakini mzungu jirani akawatilia sumu. Familia ikarudi pale pale ilipokuwa.

Mnamo 1961 alilazwa hospitalini ili aondolewe uvimbe. Alitolewa kizazi bila kuarifiwa wala kuombwa idhini, dhuluma waliyotendewa wanawake wengi weusi wa eneo hilo. Wengi waliificha kwa kuona aibu. Yeye baadaye aliitangaza hadharani.

Agosti 31, 1962 aliabiri basi pamoja na wenzake 17 kuelekea Indianola kujisajili kuwa wapigaji kura. Karani alimtaka afafanue kifungu cha katiba ya jimbo, mtihani uliotungwa makusudi ili watu weusi waanguke. Akaanguka. Wakirudi, polisi walisimamisha basi na kumtoza dereva faini kwa kisingizio kwamba rangi ya gari lake ilikaribiana mno na ya basi la shule. Abiria walichanga dola 30 za kumwokoa. Hofu ilipotanda, Hamer alianza kuimba nyimbo za kanisani.

Jioni hiyo mwenye shamba alimpa masharti: akafute ombi lake la usajili au afunganye virago. Alikuwa amemtumikia kwa miaka 18, kama kibarua na kisha karani wa kuandika saa za kazi. Aliondoka usiku huo huo. Bila kujua, mzungu huyo alikuwa amewapa wanaharakati mfanyakazi wa kudumu, kwani mtu aliyekwisha kupokonywa kazi na makao hana tena cha kutishiwa nacho. Vijana wa SNCC, shirika la wanafunzi lililoendesha usajili huo, walimwajiri kuwa mhamasishaji wa mashinani.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Septemba 10, risasi 16 zilimiminiwa nyumba ya marafiki waliokuwa wamempa hifadhi. Juni 1963 alikamatwa mjini Winona, na polisi wakawaamuru wafungwa wawili weusi wamcharaze. Figo na jicho lake havikupona kabisa. Maafisa walioshtakiwa waliachiliwa huru na baraza la waamuzi wazungu watupu.

Kwa kuwa chama cha Democratic cha Mississippi kiliwafungia nje watu weusi, Aprili 1964 Hamer na wenzake waliunda chao, Mississippi Freedom Democratic Party. Walikieneza makanisani na vijijini. Hamer alisimulia shamba, risasi na jela, na wasikilizaji wakayatambua maisha yao wenyewe.

Agosti 22 mwaka huo alisimulia hayo mbele ya kamati ya kongamano la kitaifa la Democratic mjini Atlantic City, akitaka wajumbe wao watambuliwe badala ya wale wazungu. Rais Lyndon Johnson, aliyehofia kupoteza kura za wazungu wa kusini, aliitisha kikao cha ghafla na wanahabari ili kamera zimwache Hamer. Hila hiyo iligonga mwamba: vituo vya televisheni vilipeperusha ushahidi huo usiku, watu wengi zaidi wakiwa nyumbani. Viongozi wakawapa viti viwili tu. Baadhi ya vinara wa haki za raia walishauri vikubaliwe. Hamer na wenzake wakavikataa.

Wakenya pia waliguswa na harakati hizo. Desemba 20, 1964, Hamer alihutubia mkutano Harlem, New York, pamoja na Malcolm X, na waimbaji wa SNCC wakaimba wimbo kumhusu Jaramogi Oginga Odinga, ambaye wanaharakati hao walikuwa wamekutana naye Atlanta mwaka uliotangulia. Malcolm X aliutumia wimbo huo kuwasifu Mau Mau.

Sheria ya kulinda haki ya kura ilipitishwa 1965. Mnamo 1968 Hamer aliketi kongamanoni kama mjumbe halali, na ukumbi ukasimama kumshangilia. Mwaka uliofuata alianzisha shamba la ushirika la Freedom Farm kwa ekari 40, pamoja na mradi ambapo familia ilipewa nguruwe jike na kurejesha vitoto wake ili wengine wafaidi. Alikuwa ameona kwamba mwenye njaa hununuliwa kura yake kwa urahisi.

Shamba hilo lilisambaratika katikati ya miaka ya 1970 kwa madeni na hali mbaya ya hewa. Saratani ya matiti ilimuua Machi 14, 1977, akiwa na umri wa miaka 59. Alizikwa Ruleville, katika ardhi iliyokuwa ya ushirika huo. Nishani ya juu zaidi ya kiraia nchini Marekani alitunukiwa Januari 2025.