Daudi: Mwimbaji Aliyeanguka, Akatubu

Katika jubilei hii tumeona vyema tumkumbuke Daudi mwana wa Yese, ambaye zaburi zake ndizo kwaya huzitegemea hadi leo.

Daudi alikuwa mchungaji wa kondoo kule Bethlehemu, mdogo kuliko ndugu zake wote. Ni kinubi kilichomfikisha kwa mfalme Sauli, maana alipopiga, moyo wa mfalme ulitulia. Alimwangusha Goliathi kwa kombeo, akawa mfalme akiwa na miaka 30, akatawala miaka 40. Sanduku la Agano lilipoletwa Yerusalemu alicheza mbele za Bwana bila kuona haya. Yeye ndiye aliyeweka utaratibu wa uimbaji chini ya Asafu, Hemani na Yeduthuni: waimbaji 288 katika zamu 24, mwalimu na mwanafunzi wakipigiwa kura sawasawa.

Lakini Biblia haimfichi. Jeshi likiwa vitani, Daudi alibaki nyumbani, akamtamani Bathsheba, mke wa mtu, akatuma watu wamlete. Alipopata habari kwamba mama huyo ana mimba, alitafuta hila ya kuifunika. Iliposhindikana, alimpa Uria, askari wake mwaminifu, barua ampelekee Yoabu. Uria aliibeba hukumu yake ya kifo kwa mikono yake mwenyewe.

Nabii Nathani alimwendea na kisa cha tajiri aliyechukua mwanakondoo wa pekee wa maskini. Daudi alikasirika, akatoa hukumu, kisha akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Hapo angeweza kumfukuza au kumuua Nathani. Badala yake alikiri. Mungu alimsamehe, lakini machungu yalibaki: mtoto alikufa, Amnoni alimbaka Tamari dada yake na baba yao hakumwadhibu, na Absalomu akaja kuasi na kuuawa.

Tunajifunza nini kama wanakwaya?

Kwanza, sauti nzuri si ushahidi wa moyo safi. Aliyetunga sifa ndiye aliyepanga mauaji. Sare zetu zinaweza kupendeza na sauti zote nne zikapatana, huku nyumbani kuna mtu tuliyemdhulumu. Msamaha wa Mungu hautuondolei deni kwake.

Pili, kila kwaya inahitaji Nathani. Tukimnyamazia mwenzetu kwa sababu yeye ndiye anayeibeba sauti ya kwanza, au kwa sababu ni kiongozi, hatumpendi. Nathani hakumsengenya mfalme nje ya mlango. Aliingia, akamwambia ana kwa ana.

Tatu, aliyetubu asifungiwe mlango. Zaburi ya 51, toba ya Daudi, imeandikwa juu yake kwamba ni ya mwimbishaji, na kisa chake kimetajwa hapo hapo. Aibu ya mfalme ilikabidhiwa kwa kwaya iimbwe hadharani, ili kila mwenye dhambi apate maneno ya kurudi nayo kwa Mungu.

Kwa hiyo tunapohesabu miaka ya uimbaji, tuwakumbuke pia wenzetu walioanguka wakaona haya kurudi mazoezini. Tuwaendee. Nafasi zao bado zipo.

Bwana aibariki kwaya yetu na kusanyiko lote. Amina.