Dakta Karel Styblo na Dawa za Kifua Kikuu

Mgonjwa wa kifua kikuu akimeza dawa mwezi mmoja, kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi, naye huona anaweza kushika jembe. Hapo ndipo wengine huacha dawa. Dakta Karel Styblo alitumia maisha yake kupigana na kosa hilo, na kazi yake iliyojulikana zaidi aliifanya hapa Tanzania.

Alizaliwa mwaka 1921 katika nchi iliyoitwa Czechoslovakia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifungwa katika kambi ya Mauthausen, akaambukizwa kifua kikuu. Alipona, akasomea udaktari, akauchagua ugonjwa uleule uliomtesa kuwa kazi yake. Baadaye alihamia Uholanzi.

Dawa zilikuwapo. Mwaka 1943, huko Marekani, streptomaisini ilipatikana kutokana na kijidudu cha udongoni. Rifampisini nayo asili yake ni udongo. Lakini wagonjwa waliopewa streptomaisini peke yake walipata nafuu, kisha wengi wakaugua tena. Vijidudu vichache ambavyo dawa haikuviweza vilibaki, vikazaana. Kwa hiyo waganga walianza kutoa dawa kadhaa pamoja, ili kinachoponyoka hii kiuawe na ile. Mgonjwa akizimeza ovyo ovyo au akiacha katikati, huvipa vijidudu hivyo nafasi tena.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na Styblo akawa mshauri wake. Siku zile matibabu yalichukua mwaka mzima au zaidi, na wengi walichoka njiani. Yeye na waganga wa Tanzania wakaleta matibabu ya miezi 8. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa alilazwa, akameza dawa mbele ya muuguzi. Miezi 6 iliyobaki alichukua dawa katika zahanati ya karibu. Makohozi yalipimwa kwa hadubini, na jina la kila mgonjwa likaandikwa daftarini mpaka ijulikane kama amepona, amefariki au ametoroka.

Wataalamu wengi walidhani nchi maskini haitaweza kazi hiyo. Lakini wagonjwa wapatao 8 katika kila 10 waliotibiwa hivyo walipona. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuueneza duniani kote. Styblo alifariki mwaka 1998.

Siku hizi matibabu ya kawaida ni miezi 6. Lakini kifua kikuu sugu kipo, na tangu mwaka 2009 hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, imekuwa ikiwatibu wenye ugonjwa huo. Wataalamu wanajaribu dawa za mimea, na chembe ndogo mno za kuifikisha dawa pale vijidudu vilipojificha. Hata hivyo, dawa yoyote itakayopatikana itaharibika kama hizi tukiitumia vibaya.

Kwetu Chemba, mvua ikinyesha kila mkono unahitajika shambani, na zahanati huonekana mbali. Basi tusimwachie mgonjwa mzigo huo peke yake. Jirani na amlimie kipande cha uwele, na wa nyumbani mwake amwangalie akimeza vidonge kila siku, mpaka mganga aseme amepona.