Wangari Maathai: Profesa aliyekaa na njaa na akina mama Uhuru Park

Wengi wanamjua kwa miti na tuzo ya Nobel. Lakini mwaka 1992 Profesa Wangari Maathai aliingia kwenye mapambano ambayo silaha yake ilikuwa moja tu: kutokula.

Alizaliwa Aprili 1, 1940 kijiji cha Ihithe, Nyeri, Kenya. Alisoma Marekani, akarudi nyumbani, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement baada ya kusikia kilio cha wanawake wa vijijini: kuni ziko mbali, vijito vinakauka, udongo unaondoka na mvua. Dawa yake haikuwa ngumu. Oteni miche, pandeni, na kwa kila mche ulioshika mtapata malipo kidogo.

Mwaka 1989 akagongana na serikali ya Rais Daniel arap Moi. Kulikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya wananchi katikati ya Nairobi. Maathai akaandika barua huku na huku. Wabunge wakamkejeli kwa sababu alikuwa ameachika. Hakurudi nyuma, na mwisho mradi ukafa.

Sasa ikaja 1992. Kenya ilikuwa imeruhusu vyama vingi Desemba 1991, lakini vijana waliofungwa kwa kudai mageuzi hayohayo walikuwa bado ndani. Mama zao, wengi wao wazee wa kijijini, wakamfuata Maathai.

Februari 28 wakaenda naye kwa Mwanasheria Mkuu, wakaambiwa suala lao litaangaliwa. Hawakurudi makwao. Walienda Uhuru Park, wakaketi kwenye kona moja na kuanza mgomo wa kula. Madai yao: watoto wetu waachiwe, zaidi ya 50. Watu wakaanza kumiminika kuwasikiliza, na wengine wakasimulia hadharani mateso waliyopata mahabusu.

Machi 3 polisi wakafika na mabomu ya machozi na virungu. Maathai alipigwa mpaka akazimia, akakimbizwa hospitali. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari. Kwa mila zao hiyo ni laana nzito, maana mtoto hapaswi kuona uchi wa mama yake.

Serikali ilidhani imemaliza. Kumbe ndiyo kwanza! Akina mama wakahamia kanisa la All Saints, jirani na bustani hiyo, wakaishi humo karibu mwaka mzima. Mapema 1993 wengi wa wafungwa walikuwa wameachiwa, akiwemo Koigi wa Wamwere, ambaye mama yake alikuwa mmoja wa waliogoma. Ile kona ikabaki na jina la Freedom Corner.

Maathai akaendelea. Mwaka 1999 alipigwa tena akitetea msitu wa Karura. Mwaka 2002 akachaguliwa mbunge wa Tetu, na 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Nobel ya Amani.

Njia yake bado ina maana leo. Bomba la TAZAMA linapitisha mafuta Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia tangu 1968, na bomba la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, limezua mabishano makali juu ya ardhi na mazingira. Anayetaka kupinga mradi mkubwa bila kurusha jiwe ana mfano wa wale akina mama. Ila ajue pia kwamba njia ya amani si njia rahisi: wao walipigwa, na walisubiri karibu mwaka mzima.

Maathai alifariki kwa saratani Septemba 25, 2011, akiwa na miaka 71. Aliacha ombi kwamba asizikwe kwa jeneza la mbao, mti usikatwe kwa ajili yake. Likatengenezwa la mianzi, mafunjo na magugu maji. Mtu wa Mafinga, mji unaokula kwa mbao za Sao Hill, hawezi kuishi hivyo. Lakini anajua vizuri maana yake: mti ukikatwa, lazima awepo wa kupanda mwingine.