Knute Rockne, mfagiaji na mwanafunzi

Knute Rockne alizaliwa tarehe 4 Machi 1888 katika mji wa Voss, nchi ya Norwei, kaskazini ya Ulaya. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Alivuka bahari akaenda Chicago, mji mkubwa wa Marekani, na mwaka 1893 mke na watoto wakamfuata.

Knute aliacha shule angali kijana, akaandikwa kazi ya posta. Lakini hakuacha kutamani masomo. Kila mara alipopata mshahara, aliweka akiba kidogo. Mwaka 1910, alipokuwa na miaka 22, aliingia chuo kikuu cha Notre Dame, karibu na mji wa South Bend. Wengi katika wenzake walikuwa wadogo kwake.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1842 na Padri Edward Sorin, Mfaransa wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Siku za Rockne kilikuwa kama kijiji. Mapadri, mabruda, wanafunzi wakubwa, hata watoto wa darasa za chini, wote walikaa mahali pamoja, kando ya maziwa mawili madogo. Wanafunzi wengi walilala katika chumba kimoja kikubwa, na kitanda kimetengwa na kitanda kwa pazia tu.

Akiba ya Rockne haikutosha. Basi akapewa kazi ya kusafisha nyumba ya majaribio ya kemia, ndiyo elimu ya kujua vitu vimefanyizwa kwa nini, na jinsi vinavyogeuka vikichanganywa. Yeye aliyefagia nyumba ile akawa pia mmoja wa wanafunzi hodari ndani yake. Mwalimu wake alikuwa Padri Julius Nieuwland, mzaliwa wa Ubelgiji. Padri huyo alichunguza gesi iitwayo asetilini. Kwa kazi yake wataalamu waliweza baadaye kutengeneza mpira usiotoka katika mti. Rockne akawa msaidizi wake.

Mwaka 1912 baba yake akafa. Hapo Rockne alitaka kuacha masomo na kurudi Chicago, awatunze mama na ndugu zake. Nani angemlaumu? Lakini ndugu yake wa kike alikataa kabisa: akiacha sasa, atabaki mtu wa posta maisha yake yote. Akabaki chuoni, akifanya kazi na kusoma.

Alipenda pia michezo, na kupiga filimbi. Mpira wa Wamarekani si kama wetu: ni mrefu kama yai, nao huchukuliwa mikononi. Siku za likizo ya mwaka 1913 Rockne na rafiki yake Gus Dorais walifanya kazi kando ya Ziwa Erie. Kazi ikiisha, walishuka mchangani: Dorais hurusha mpira mbali, Rockne hukimbia na kuudaka. Tarehe 1 Novemba walicheza na chuo cha askari cha West Point, waliokuwa na sifa kubwa. Askari hawakuzoea kuona mpira ukirushwa mara nyingi hivyo juu ya vichwa vyao. Notre Dame walishinda 35 kwa 13.

Mwaka 1914 Rockne alimaliza masomo kwa sifa. Akabaki palepale, akifundisha kemia pamoja na mpira, na tangu 1918 akawa mkuu wa wachezaji. Katika miaka 13 walishinda mara 105, wakashindwa mara 12 tu. Yeye alilelewa katika dini ya Kilutheri. Mwaka 1925 aliingia Kanisa Katoliki.

Tarehe 31 Machi 1931 ndege aliyopanda ilianguka katika jimbo la Kansas, nao wote wanane waliokuwamo wakafa. Rockne alikuwa na miaka 43. Misa ya maziko ilisomwa katika kanisa la chuo, na wachezaji wake ndio waliobeba sanduku.