JENERALI HENRY ARNOLD: JEMADARI ALIYEZIPELEKA NDEGE KUILINDA MISITU

Majemadari wengi wa zamani hukumbukwa kwa miji waliyoiteka na majeshi waliyoyashinda. Jenerali Henry Arnold wa Marekani naye anajulikana ulimwenguni kote kuwa ndiye aliyeongoza jeshi la anga la nchi yake katika Vita Kuu ya Pili. Lakini ipo kazi nyingine aliyoianzisha zamani, bunduki zilipokuwa zimenyamaza, nayo ni kuzituma ndege za jeshi kupambana na moto wa misitu. Kwa askari na polisi, ambao aghalabu huitwa raia wanapofikwa na maafa, maisha ya mtu huyu yana mafunzo makubwa.

Arnold alizaliwa tarehe 25 Juni, 1886, katika jimbo la Pennsylvania, baba yake akiwa daktari. Aliingia chuo cha maafisa wa jeshi cha West Point akahitimu mwaka 1907. Tamaa yake ilikuwa kuwa afisa wa askari wa farasi, lakini jeshi likampanga katika kikosi cha askari wa miguu, akapelekwa visiwa vya Ufilipino. Mwaka 1911 alijitolea kujifunza urubani, akafundishwa katika shule ya ndugu wawili Wright, mafundi waliotengeneza ndege ya kwanza yenye injini. Hivyo akawa miongoni mwa marubani wa mwanzo kabisa wa jeshi la Marekani.

Siku hizo ndege ilikuwa miti na vitambaa vilivyofungwa kwa nyaya, na marubani walikufa mmoja baada ya mwingine. Juni 1912 alikufa mwalimu wake, Arthur Welsh. Novemba mwaka huo huo, huko Fort Riley katika jimbo la Kansas, ndege ya Arnold iliyumba ikazunguka kuelekea ardhini, akaiokoa ikiwa imebaki kidogo tu kugonga. Hofu ikamwingia moyoni, akaomba aondolewe katika kazi ya kuruka. Alikaa takriban miaka minne bila ya kushika usukani wa ndege. Mwaka 1916, huko San Diego, alijilazimisha kurudi angani, akaruka kidogo kidogo mpaka akaishinda hofu ile. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Arnold alipelekwa California kuwa afisa wa mambo ya anga wa kanda ya magharibi. Alikuta jeshi likipunguzwa, marubani wakirudishwa makwao, na ndege nyingi zikikaa bila kazi. Wakati huo huo Idara ya Misitu ilikuwa na adui asiyepunguza nguvu. Majira ya kiangazi misitu ya magharibi hukauka, na radi moja au kijinga kimoja cha moto hutosha kuteketeza milima mizima. Agosti 1910, moto katika majimbo ya Idaho, Montana na Washington uliunguza ekari zipatazo milioni 3 na kuua watu zaidi ya 80, wengi wao wakiwa watu waliokuwa wakiuzima.

Moto wa msitu ukionekana ungali mdogo, watu wachache wenye sepetu na mashoka huweza kuuzima. Ukicheleweshwa, hata maelfu hawautoshi. Walinzi waliokaa juu ya minara ya milimani hawakuweza kuona kila bonde. Arnold na wakuu wa misitu wakakubaliana kuwa rubani aliye angani ataona mengi zaidi, na Juni 1919 doria za ndege zikaanza California. Zilitumika ndege za kujifunzia za Curtiss, na baadaye ndege za aina ya DH-4 zilizojengwa kwa ajili ya vita.

Kazi hiyo ilikuwa ya hatari, kwani injini ikizimika juu ya miti mirefu, hapakuwa na mahali pa kutua. Tena mwanzoni ndege hazikuwa na simu ya upepo. Rubani alipoona moshi, alitia alama katika ramani, kisha akatua na kupiga simu, ama akadondosha barua kwa mwavuli mdogo. Hata njiwa wa kupeleka barua walitumiwa. Ndipo zikafungwa redio, na habari ikaweza kufika chini ndege ingali angani.

Arnold mwenyewe hakupata raha. Mwaka 1920, kwa sababu ya upungufu wa vyeo wakati wa amani, kanali huyu alirudishwa kuwa kapteni, ingawa mara alipandishwa kuwa meja. Mwaka 1925 alitoa ushahidi wa kumtetea Jenerali Billy Mitchell mbele ya mahakama ya kijeshi, na mwaka uliofuata akaadhibiwa kwa kupelekwa mbali na makao makuu. Alipelekwa Fort Riley, pale pale ambapo mauti yalimkosa mwaka 1912. Angeweza kujiuzulu. Alibaki, akafanya kazi yake kwa bidii. Mwaka 1934 aliongoza ndege 10 aina ya Martin B-10 kutoka Washington hadi Alaska, na zote zikarudi.

Septemba 1938 akawa mkuu wa kikosi cha anga, kilichokuwa na watu wapatao 20,000. Wakati wa vita kikosi hicho kilizidi watu milioni 2. Moyo wake uliugua mara kadhaa kwa uzito wa kazi, naye akaendelea. Alistaafu mwaka 1946, na mwaka 1949 akatunukiwa cheo cha Jenerali wa Jeshi la Anga chenye nyota tano, ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukipata. Alifariki tarehe 15 Januari, 1950, nyumbani kwake Sonoma, California.

Hakuiona miaka iliyofuata. Mwaka 1955, huko huko California, ndege ya Stearman, aina iliyotumika kuwafundishia marubani wa vita, ilimwaga maji juu ya moto wa msitu. Baadaye ndege za vita kama B-17 na Catalina zikatolewa mabomu na kutiwa matangi ya maji na dawa ya kuzuia moto. Kuanzia miaka ya 1970, ndege za mizigo za jeshi aina ya C-130 zimefungwa mitambo inayobeba lita zipatazo 11,000, na wanajeshi huitwa kuzirusha kiangazi kinapokuwa kikali.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ndege zinazoonekana leo zikipita ndani ya moshi zina asili yake katika doria zile za mwaka 1919, na katika uamuzi wa afisa aliyeona kuwa jeshi lina deni kwa raia hata siku ambayo hakuna adui mpakani. Askari anayeshika sepetu wakati wa moto, au kamba wakati wa mafuriko, yumo katika ulinzi wa taifa sawasawa na mwenzake aliye katika handaki.